Mkasi wa mhariri na mapengo ya hadithi

Katika Back to the Future Part II (1989), Biff, mhusika mwovu ambaye sasa ni mzee, anaiba mashine ya wakati, anarudi 1955 kujikabidhi mwenyewe akiwa kijana kitabu cha matokeo ya michezo, kisha anarejea 2015. Anashuka garini akijikunja kwa maumivu, anapepesuka, na filamu inaachana naye hapo. Anaumwa nini? Jibu lilipigwa picha, kisha likakatwa: katika tukio hilo mwili wa mzee unafifia hadi kutoweka. Kwa kuivuruga historia, amejifutia uzee wake.

Pengo limezibwa, basi? Si haraka hivyo. Kama historia imebadilika kiasi cha kumfuta Biff, aliwezaje kurejea kwenye 2015 ileile aliyoiacha, ambamo Marty na Doc, mashujaa wa filamu, bado wapo? Swali hilo limo hata katika filamu tuliyoonyeshwa, ila limejificha. Tukio lililokatwa linalimulika. Kiraka kimoja, tundu kubwa zaidi.

Wapenzi wa filamu za kisayansi wamekuwa wakivutana kwa miaka mingi juu ya jambo hili: je, tukio lililokatwa linaweza kuziba pengo la hadithi? Wako wanaoshikilia kwamba filamu ni kile kilichofika kwenye skrini. Kilichokatwa kimekataliwa, na hakiwezi kuitwa tena kuja kuitetea hadithi. Wengine wanajibu kwamba mkasi mara nyingi hushikwa na watu wenye hofu ya urefu wa filamu na mauzo ya tiketi, kwa hiyo si haki kumlaumu mwandishi kwa shimo ambalo hakulichimba.

Hawa wa pili wana hoja nzito katika The Abyss (1989). Toleo la sinema linaishia kwa viumbe wa kilindini kuibuka na kuwaokoa watu, bila kueleweka vizuri walikuwa wakitaka nini na wanadamu. Toleo refu la 1993, lenye takriban nusu saa ya ziada, linaonyesha kwamba viumbe hao waliinua mawimbi ya kutisha dhidi ya miji ya pwani ili kukomesha ugomvi wa mataifa, kisha wakayazuia. Ukiliondoa wimbi hilo, mvutano wote wa kivita unaojengwa tangu mwanzo unakosa pa kutua. Hiyo si nafasi aliyoachiwa mtazamaji aijaze kwa fikra zake. Ni mguu wa meza uliokatwa.

Lakini chukua Alien (1979). Mwongozaji Ridley Scott aliondoa tukio ambamo shujaa wa filamu, Ripley, anamkuta nahodha Dallas akiwa hai bado, amenaswa ukutani, huku ikidokezwa kwamba miili ya mateka inageuka kuwa mayai. Bila tukio hilo hatujui mayai yanatoka wapi, na sidhani kama kuna aliyetoka sinema akidai maelezo. Kutojua ndiko kunakotisha. Miaka saba baadaye James Cameron, aliyeongoza filamu ya pili, aliijaza nafasi hiyo kwa malkia anayetaga, mmoja wa viumbe wasiosahaulika katika aina hii ya filamu. Scott aliporudisha tukio la Dallas katika toleo la 2003, mayai yakawa na asili mbili zisizopatana kirahisi. Urejeshaji ndio ulioleta mkanganyiko.

Cameron mwenyewe, katika Aliens (1986), alikata matukio mawili ambayo sitayapima kwa mizani moja. Lile la familia ya Newt, msichana mdogo ambaye Ripley anamwokoa baadaye, kuikuta meli ya kigeni linaeleza jinsi balaa lilivyoingia katika makazi, lakini linaua taharuki: Ripley na askari wanapotua tunakuwa tumeshajua zaidi yao. Lile la Ripley kuambiwa kwamba binti yake alizeeka na kufa wakati yeye akielea angani kwa miaka 57 halizibi pengo lolote la mantiki, ila linatia uzito katika kila hatua anayochukua kumlinda Newt. Hili la pili ningelirudisha. La kwanza ningeliacha lilipo.

Kipimo changu, basi, ni kama sehemu zilizobaki bado zinaliegemea lililoondolewa. Blade Runner (1982) inaanguka hapo kwa sentensi moja tu. Deckard, mwindaji wa watu-bandia, anaambiwa kwamba sita kati yao walitoroka na mmoja amekufa, nasi tunaonyeshwa wanne. Wa tano alikuwamo katika muswada, akaondolewa kabla ya kupigwa picha, na hesabu ikasahaulika. Mashabiki wakaligeuza kosa hilo kuwa ushahidi kwamba wa tano ni Deckard mwenyewe. Toleo la 2007 likarekebisha: waliokufa ni wawili. Nadharia nzuri ikapoteza nguzo mojawapo, ingawa bado ina ile ndoto ya Deckard ya farasi wa pembe moja iliyorudishwa 1992, inayodokeza kwamba naye ni mtu-bandia.

I Am Legend (2007) inalemewa zaidi. Katikati ya filamu, Neville, mwanasayansi aliyesalia peke yake katika jiji lenye watu waliogeuzwa na virusi kuwa viumbe wakali, anamkamata kiumbe wa kike, na kiongozi wao anajitokeza juani akiungua, akimtazama. Baadaye Neville ananaswa kwa mtego unaofanana na wake. Yote yanaashiria akili na mapenzi, tofauti kabisa na Neville anavyowaelezea. Kisha toleo la sinema linamalizika kwa Neville kujilipua kwa bomu la mkono, na dalili hizo hazijibiwi. Mwisho uliokataliwa unazijibu: kiongozi alikuwa akimfuata mwenzake, Neville anamrudisha, na anasalimika.

Mwaka 2023 mwandishi Akiva Goldsman alisema kwamba filamu ya pili inayoandaliwa itaufuata mwisho huo. Hapo hoja ya kwamba kilichokatwa kimekataliwa inapata shida, maana waliomwona Neville akifa sinemani itabidi kwanza wautafute mwisho ambao hawakuonyeshwa.