Kabla ya Kusifu Ratiba ya Chakula, Chungulia Ndoo ya Makombo

Niliwahi kushika zamu ya bwalo katika shule ya bweni, na kila Jumapili jioni nilikuwa nabandika ratiba ya chakula ukutani. Ratiba ilipendeza. Nafaka ipo, maharage yapo, mboga za majani siku tano, tunda mara mbili kwa wiki. Mgeni akiisoma alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika na kuondoka zake. Wanafunzi wakishakula, mimi nilibaki na ndoo ya makombo mlangoni, imejaa mboga hadi juu, rangi ya tope, zimelegea kama kitambaa kilichosahaulika kwenye maji.

Tangu hapo ratiba za ukutani sizisomi. Nauliza ndoo iko wapi. Lishe iliyomwagwa haijamlisha mtu.

Mboga zile zilikatwa usiku, zikaoshwa zikiwa zimeshakatwa, zikabandikwa alfajiri na kuachwa motoni mpaka saa saba mchana. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na haivumilii moto mrefu, kwa hiyo hata yule mtoto mtiifu aliyezimaliza aliambulia vitamini hiyo kidogo sana. Sisi tuliwaita wakorofi kwa kuzikataa. Na tuseme ukweli, walimu tulikuwa na sufuria yetu pembeni.

Mwanafunzi wa kutwa akishindwa chakula cha shule, jioni atakuta kingine nyumbani. Wa bweni hana sufuria ya pili. Kinachopakuliwa bwaloni ndicho kinachomjengea mifupa, tena katika miaka ileile ambayo mifupa inajengwa kwa kasi. Wasichana wana mzigo wa ziada. Mwongozo wa lishe wa Marekani unataka msichana wa miaka 14 hadi 18 apate miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, na mvulana wa umri huo 11, kwa sababu msichana anapoteza damu kila mwezi. Nikikumbuka wale waliokuwa wakisinzia kipindi cha mchana, na maneno tuliyokuwa tukiwaambia, naona aibu.

Madini ya chuma yalikuwapo, ila tuliyafungia mlango wenyewe. Chuma cha kwenye maharage mwili unakichukua kwa shida, na chai ikinywewa pamoja na chakula inazidi kukizuia. Kinachosaidia ni vitamini C, kwa mfano chungwa linaloliwa kwenye mlo uleule. Sasa tazama ratiba yetu: maharage usiku, na chai juu yake, chungwa Jumamosi saa nne asubuhi, peke yake, kama zawadi ya kufanya usafi. Tulihamisha chungwa likakaa na maharage, chai ikarudi saa kumi alasiri. Hakuna aliyetuuliza risiti, maana hatukununua kitu.

Suala la mboga lilikuwa gumu zaidi, na nililianza vibaya. Nilikwenda jikoni na hotuba yangu ya vitamini. Mpishi mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Mwalimu, hayo nayajua. Majiko ninayo mawili. Nikipika mboga mwisho, maharage nitayaweka kichwani?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemwita kwenye kikao cha chakula. Walikaa mhasibu, mtunza stoo na sisi walimu, tukapanga siku za mboga bila kujua idadi ya majiko. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa njia: maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, asubuhi yaive upesi na kuachia jiko. Kuloweka kunapunguza pia vile vitu vya asili kwenye maharage vinavyoshikilia madini. (Kuiva upesi kusiwe kisingizio cha kuyatoa hayajaiva, lakini. Lazima yachemke hasa; maharage mekundu yakiliwa mabichi nusu yanaweza kutapisha bweni zima.) Mboga zikaanza kuingia chunguni saa sita, na mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A ya kwenye majani inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Zilifika mezani zikiwa za kijani. Ndoo ikashuka hadi nusu.

Nusu, sio tupu. Kuna upawa pia. Wakubwa wanawahi foleni na kupata maharage mazito, wadogo wanafika mwishoni na kupewa mchuzi, wakati ratiba inasema wote wamekula maharage. Hilo linatibika kwa mtu mmoja mwenye macho makali kusimama karibu na sufuria na kusema: koroga.

Najua kuna watakaoniambia tatizo ni fedha. Ni kweli kwa sehemu. Mayai, maziwa na samaki havipatikani kwa kupanga saa vizuri, na nafaka na maharage, hata vikisaidiana kwa protini, haviwezi kubeba kila kitu. Ila huwa naangalia fedha zinapokuwapo zinakwenda wapi. Mpishi wetu aliomba jiko la tatu mara mbili, kwa maandishi. Mara ya kwanza bwalo likapakwa rangi. Mara ya pili ukanunuliwa ubao mpya wa kubandikia ratiba.