Barabara ya Jinja Iliyoachwa Wazi

Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vikizungumzwa, haichukui muda kusikia lawama hii: Nyerere aliwafunga mikono makamanda. Wangeachiwa vita yao, Amin asingetoka Kampala akiwa hai. Lawama hiyo ina uzito, na wenye kuitoa wengi wana haki ya kuitoa.

Chukua Lukaya, huko Uganda. Usiku wa Machi 10, 1979, Brigedi yetu ya 201 ilikuwa kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, kandokando ya kinamasi. Karibu wote walikuwa mgambo, wengi hawajawahi kuonja mapigano. Roketi za Walibya, waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin, zilipoanza kuvuma juu ya vichwa vyao, safu ikavunjika, watu wakakimbilia majini. Brigedi ya 208 ikaamriwa igeuke, ikatembea usiku kucha, na kulipopambazuka ikatokea barabarani nyuma ya adui. Walibya wakajikuta wamebanwa katikati. Uamuzi wa aina hiyo ni wa askari aliye karibu na risasi. Ikulu haikuwa na la kusaidia, na ingejaribu ingeua watu wengi zaidi.

Lakini mwezi mmoja baadaye likaja suala la aina nyingine. Jeshi letu, JWTZ, lilipokuwa linaibana Kampala, Nyerere, Amiri Jeshi Mkuu, aliagiza barabara ya mashariki, iendayo Jinja, isifungwe, Walibya wapate pa kutokea. Kwa askari, amri hiyo ni chungu. Hata koplo anajua kwamba ukizingira mji unafunga njia zote. Na hasara ilionekana: Amin akapita, askari wake wakapita, raia wakaendelea kuuawa mashariki na kaskazini, na mapigano hayakuisha mpaka vijana wetu walipofika mpaka wa Sudan Juni 3. Hasara hiyo siipunguzi hata kidogo.

Tatizo ni kwamba mwenye kulaumu anaiangalia Kampala tu. Machi ile Gaddafi, mtawala wa Libya, alikuwa ametoa saa 24 Tanzania iondoke Uganda, na ndege yake ya mabomu aina ya Tupolev ikatumwa kupiga Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha, yakaangukia hifadhi ya Saanane na kuua swala. Sasa fikiria mamia ya vijana wa Kilibya wamezingirwa na kuchinjwa Kampala, na habari hizo zinatangazwa kwenye redio za dunia nzima. Gaddafi alikuwa na fedha za mafuta na ndege. Sisi tulikuwa na nini cha kupigania vita ya pili? Na ugomvi wa Mwafrika na Mwarabu, ukishawashwa, ungezimwa na nani? Kamanda aliye nje ya Kampala anahesabu bunduki zilizo mbele yake, na ndivyo inavyotakiwa. Hakupewa kazi ya kuhesabu haya mengine.

Hakupewa pia kazi ya kumtazama usoni mama aliye kwenye foleni ya sukari na sabuni. Vita inakadiriwa kutugharimu dola milioni 500. Nyerere ndiye aliyetuambia tufunge mikanda miezi 18, na ilipopita miezi hiyo na mikanda bado imefungwa, ni yeye aliyeulizwa. Hakuna aliyekwenda kumuuliza jenerali habari za sabuni. Kwangu mimi, mwenye kudaiwa bei ndiye mwenye haki ya kusema tuishie wapi.

Si kwamba amri za wanasiasa hutimia zote. Januari, askari wetu walipoubomoa kwa kisasi mji wa Mutukula, mpakani upande wa Uganda, Nyerere alikasirika na kuagiza raia na mali zao wasiguswe. Mwezi uliofuata Masaka ikaharibiwa vibaya kwa mizinga yetu.

Amin alikufia Jeddah mwaka 2003, kitandani, na najua inavyowauma waliozika wenzao njiani kwenda Kampala. Lakini baada ya Kampala kuanguka, Mwanza haikusikia tena mlio wa ndege ya Libya.