Spider-Man mwenye watoto ndiye ninayemwelewa

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema Spider-Man, yule shujaa wa katuni, akiwa na mke na watoto hanogi. Sikubaliani naye hata kidogo. Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, alimwoa mpenzi wake Mary Jane mwaka 1987, halafu 2007 wachapishaji wakaifuta ndoa ile kana kwamba haikuwahi kuwepo. Iliniuma sana, jamani. Katuni iliyoanza 2024 inampa nguvu zake akiwa tayari baba wa watoto wawili, na huyo ndiye wangu. Ananikumbusha mzee wangu, aliyekuwa akivua dagaa usiku hapa Kibirizi, Kigoma. Alfajiri akirudi, kabla hata hajaweka karabai chini, alitugusa paji la uso mmoja mmoja kuona nani ana homa. Mikono baridi, inanuka ziwa. Na jioni anaingia tena mtumbwini.