Mkulima wa njugu, geuza ganda kwanza

Nikinunua njugu (karanga) za maganda sokoni Kongowea, Mombasa, huzigeuza kwanza nikayatazama maganda. Ganda lililoguguniwa juujuu, likabaki nyuzi kavu tupu, limepitiwa na mchwa. Wengi hudhani ni udongo tu. Mimi huliweka kando, kwa sababu ganda lililodhoofika hivyo hupasuka upesi na kuukaribisha ukungu unaotoa sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo yote. Kenya isisahau mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yalipoua watu 125.

Hata hivyo, sikubaliani na mazoea ya kukimbilia agroveti kila mdudu anapoonekana. Mchwa hushamiri udongo ukikauka huku njugu zilizokomaa zikiwa bado ardhini. Dawa yake kubwa ni kuvuna kwa wakati. Ng'oa mashina machache huku na huku, upasue maganda: mengi yakiwa na weusi au hudhurungi upande wa ndani, anza kazi. Najua vibarua ni ghali na mvua haitabiriki, lakini kila wiki ya kungoja mchwa wanakula.

Vidukari nao, wale weusi wanaojazana kwenye vichipukizi, hueneza rozeti, ugonjwa wa virusi. Mmea hudumaa, majani yakawa madogo ya manjano, na hapo hauponi tena. Panda mvua za masika zikianza tu, tena kwa kubananisha, kwa sababu vidukari hupenda shamba lenye mapengo. Njugu zilizojiotea zenyewe toka msimu uliopita zing'olewe mapema, maana humo virusi hujihifadhi. Na kama mbegu inayostahimili rozeti inapatikana, hiyo ndiyo ya kutafuta, hata kwa bei ya juu kidogo.

Ghalani kuna adui ambaye sisi wa Pwani tunaishi naye uani: bungo wa njugu, mdudu anayezaliana pia kwenye mikwaju. Hutaga yai juu ya ganda, kiluwiluwi akatoboa hadi ndani akaila punje. Kwa hiyo usianike wala kurundika njugu chini ya mkwaju, hata kivuli chake kikikuvutia vipi. Zikauke sawasawa, hadi ukitikisa ganda punje zigonge, ndipo uzitie kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo humnyima bungo pumzi bila tone la sumu kwenye chakula cha watoto wetu.