Muuaji wa Petro wa Verona hakupotea

Kuna makala inayodai kwamba muuaji wa Mtakatifu Petro wa Verona, mtawa Mkatoliki wa shirika la Wadominiko nchini Italia, alitoroka na habari zake zikaishia hapo. Si kweli. Carino, aliyelipwa na Wakathari (kundi la kidini ambalo Kanisa Katoliki liliwaona wazushi), alimpasua kichwa kwa mundu njiani kati ya Como na Milan tarehe 6 Aprili 1252, akakimbilia mji wa Forlì. Huko alitubu, akapokelewa kama bruda na Wadominiko walewale aliowaulia ndugu yao, akaishi kwa toba hadi kufa. Petro mwenyewe, mzaliwa wa wazazi Wakathari, alitangazwa mtakatifu Machi 1253, hata mwaka haujatimia! Kwangu mimi, toba ya Carino inagusa kuliko kifo chenyewe. Kuna aliyewahi kumsikia akitajwa kanisani?