Kumbe Hundi Nayo Huchacha

Maziwa sawa. Uji wa jana sawa. Lakini karatasi ya kampuni, yenye mhuri na sahihi mbili, nayo ichache? Nimevaa koti la harusi, nimepanda daladala Mbagala mpaka Posta kwapa la mtu likinifuta uso njia nzima, nafika dirishani kijana wa benki ananirudishia hundi kwa ncha za vidole utadhani nimempa dagaa wa juzi.

"Shikamoo mzee wangu. Hii imeshapita miezi sita."

"Marahaba. Imepita wapi, si hii hapa?"

Nikamweleza kwa upole wa mtu mwenye mali. Hundi ya gawio, yaani fungu langu la faida ya kampuni niliyo na hisa, ilitumwa kwenye sanduku la posta la shule niliyostaafia. Karani akaitia kwenye droo, akaenda kujifungua, akarudi mtoto ameshaota meno, ndipo akanikumbuka. Kwa hiyo muda wote huo hundi ilikuwa imelala tu. Usingizi nao unahesabiwa? Kijana akanielekeza kwa walioitoa.

Huko ni ghorofa ya tano, na lifti mnaijua. Mlinzi akaniuliza namtaka nani.

"Mimi ni mmiliki."

Akaangalia viatu vyangu. "Mmiliki wa nini, mzee?"

"Wa hapa! Nina hisa 400. Hicho kiti ulichokalia, huenda msumari mmoja ni wangu."

"Basi mwenye msumari akae pale kwenye benchi."

Nikakaa. Saa mbili nzima, mwenye kampuni. Akaja binti wa hisa: niende na barua ya serikali ya mtaa, kopi ya kitambulisho cha NIDA, hundi yenyewe, na kiapo.

"Kiapo cha nini, mwanangu? Haijapotea, nimeishika!"

"Ndiyo utaratibu, baba."

Wakili anataka 10,000 kwa kiapo. Gawio lenyewe ni shilingi 15 kwa hisa, jumla 6,000, kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, asilimia 5 ikalamba 300, nikabaki na 5,700. Hiyo 300 imefika inakokwenda mapema kabisa. Kodi haina sanduku la posta.

"Na hundi mpya?"

"Tutakutumia, baba. Sanduku lilelile."

Eti ningejaza fomu niingiziwe benki. Nilijaza, mara mbili! Akaunti ikaonekana imelala kwa kutotumika, na kuiamsha ni hela.

Halafu kwenye mkutano mkuu tunaitwa wamiliki wapendwa, tunapewa kofia na fulana ya kumtosha mtoto wa chekechea. Mwaka walioondoa soda, wazee nusura wapindue meza. Habari za faida hakuna aliyeuliza. Fulana yangu Mama Zuhura anadekia. Na huyo Mama Zuhura ile 5,700 ameshaifanya kuku, tena alikwishamwalika dada yake, na dada yake hajawahi kwenda mahali peke yake. Hapa nilipo niko kituoni, magari ya Mbagala yamefurika, na konda ananivuta koti la harusi: "Twende mzee, siti ipo!" Siti yenyewe ni ndoo.