Mvua ya Malindi, tope la Ukambani

Saa tatu asubuhi mpimaji anafungua kipimamvua, anamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, anaandika: milimita 4. Yaani kila mita ya mraba imepata lita 4. Kazi ya dakika mbili, na daftari la namna hiyo likidumu miaka arobaini ni hazina.

Ndiyo maana wanaotaka vipimamvua viongezwe Pwani ya Kenya siwabezi. Mvua kubwa ikikuta maji yamekupwa, maji baridi huelea juu ya chumvi na kuyafikia matumbawe ya kina kifupi, nayo hayastahimili chumvi ikipungua. Setilaiti haioni kwa undani huo. Makadirio ya GPM, mpango wa setilaiti za kupima mvua, huja kila nusu saa, lakini kila moja ni wastani wa eneo la takriban kilomita 10 kwa 10. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, ina kilomita za mraba 6 na kitu tu.

Ila balaa la Malindi, yaani tope, halidondoki juu ya Malindi. Linashuka na Mto Athi kutoka Ukambani, linapita Tsavo likiitwa Galana, na kumwagika kaskazini kidogo ya mji likiitwa Sabaki, rangi ya chai ya maziwa. Hapo upepo ndio unaoamua. Kusi ikivuma, tope huvutwa kaskazini kuelekea Mambrui. Kaskazi ikishika, hurudi kusini hadi kwenye hifadhi. Sasa masika, msimu unaojaza kipimamvua kuliko yote, huangukia kwenye kusi. Tope la mwishoni mwa vuli ndilo linalokutana na kaskazi. Daftari la mvua peke yake lingekuonyesha mwezi usio wenyewe.

Tena kuna udongo. Mwaka 2007 mtafiti Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha vipimo vya bariamu, elementi inayofika baharini pamoja na udongo wa mto, katika tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi: mmomonyoko ulipanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakauhusisha na matumizi ya ardhi ya enzi ya ukoloni.

Hata hivyo, tusilitwishe tope kila kosa. Watafiti Tim McClanahan na David Obura, mwaka 1997, walikuta miamba yenye tope haijaporomoka kama ilivyohofiwa. Zaidi ni aina za matumbawe zilizobadilika. Kisha mvua za El Niño za 1997 zikafuatwa na joto la bahari la 1998, matumbawe yakapauka na kufa kwa wingi. Mwenye kipimamvua bila kipimajoto angesingizia mafuriko.

Kwangu mimi, cha Malindi kibaki, lakini shilingi inayofuata iende Sabaki: chupa ya lita moja, kamba, karatasi ya kuchujia, mizani ya kupimia tope, na mtu wa kuchota maji kila siku. Daraja la kusimamia lipo tayari.